Maswali ya Wasomaji: Kabla Mpira Haujagonga Mlango

Barua nyingi za toleo hili zinazunguka jambo moja: je, hadithi inaweza kumfanya mtu awaone wenzake kwa jicho jingine, na kama inaweza, isomwe vipi? Tumezifupisha barua na kuacha majina. Majibu ni ya dawati letu la vitabu na malezi.

Namsomea binti yangu wa miaka mitano kila usiku. Nikimaliza namuuliza, "Umejifunza nini?" Ananijibu, "Tusiwe wabaya." Asubuhi anamnyang'anya mdogo wake kila alichoshika. Nakosea wapi? — Mama wa wawili

Mama, kusoma kila usiku ni kazi kubwa na unaifanya. Kosa liko kwenye swali, na mahali unapoliuliza. "Umejifunza nini?" linakuja hadithi imeshakwisha, na mtoto wa miaka mitano ameshajua mzazi anataka kusikia nini. Anakupa jibu hilo ili alale. Swali lihamie katikati ya kisa, pale ambapo hata yeye hajajua mambo yatakwendaje.

Tuchukue kisa kifupi. Watoto wanacheza mpira uchochoroni. Mpira unagonga mlango wa jirani. Jirani anatoka amefura kwa hasira, anauchukua mpira, anafunga mlango. Watoto wanampa jina baya. Jioni mmoja wao anamwona akitoka na koti zito na tochi: ni mlinzi wa usiku, na mchana ndio usiku wake.

Wazazi wengi husimama mwisho, tochi ikishaonekana, na kusema, "Unaona? Tusihukumu watu." Hapo mtoto hana la kufanya ila kuitikia. Wewe simama mara tu mlango unapofungwa, ufunike ukurasa unaofuata kwa kiganja, uulize: "Unadhani jirani alikuwa akifanya nini kabla mpira haujagonga mlango?" Swali hili lina nguvu kwa sababu halimwulizi mtoto nani mbaya. Linamlazimisha amjengee jirani maisha upande wa pili wa mlango. Mtoto atasema alikuwa akila, akilala, akiogopa, anaumwa kichwa. Yote pokea. Hata "alikuwa anatusubiri atuchukulie mpira" ipokee, kisha uliza, "Au labda?" Neno hilo "labda" ndilo unalotaka azoee.

Epuka kuanza na "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Linaonekana swali zuri, lakini mtoto atajibu habari zake: "Mimi ningelala usiku." Amemleta jirani kwake, hajaenda kwa jirani. Uliza "yeye anaona nini, anasikia nini, anataka nini" kwanza. La "ungekuwa wewe" liache hadi siku ya tatu.

Tunasema siku ya tatu kwa sababu kitabu kimoja kisomwe walau mara tatu katika wiki, dakika 10 hadi 15 kila mara. Mara ya kwanza soma moja kwa moja bila kusimama. Mtoto anataka kujua mwisho, na ukimkatiza anachukia kitabu. Mara ya pili simama mahali patatu, si zaidi. Wewe mwenyewe upitie kitabu mchana na uchomeke vikaratasi pale watu wawili wanapojua mambo tofauti. Mara ya tatu mwachie yeye asimulie, wewe ufungue kurasa tu. Ukimuuliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuongeza neno. Sekunde tano zitaonekana ndefu, na mtoto anazihitaji zote.

Umri nao una sheria yake. Watoto wengi huanza kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli wanapofika miaka minne hivi. Heinz Wimmer na Josef Perner walilionyesha hilo mwaka 1983 kwa kisa cha mtoto aliyeweka chokoleti kabatini, ikahamishwa akiwa nje: wadogo walisema ataitafuta pale ilipo sasa, wakubwa wakasema ataitafuta pale alipoiacha. Kwa hiyo binti yako anaweza swali la jirani. Mdogo wake, akiwa chini ya miaka mitatu, mtajie hisia tu kwa kidole juu ya picha: huyu amekasirika, huyu anaogopa.

Na ule unyang'anyi wa asubuhi, usimwambie, "Umesahau jirani?" Ukigeuza mhusika kuwa fimbo, mtoto hataki kumsikia tena. Tumia swali lilelile bila kutaja kitabu: "Mdogo wako alikuwa akifanya nini nacho kabla hujakichukua?" Usitegemee afanye vizuri kesho. Tegemea asite kidogo baada ya wiki kadhaa, na huko kusita ukuone.

Nimesoma kwamba sayansi imethibitisha kuwa riwaya zinaongeza huruma. Ni kweli? — Mwanafunzi wa chuo

Imethibitisha kidogo kuliko inavyotangazwa. Mwaka 2013 David Comer Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la *Science* majaribio ambamo watu waliosoma kipande kifupi cha fasihi walitambua vizuri zaidi hisia za watu kwa kutazama picha za macho yao. Habari ikaenea dunia nzima. Wengi waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yaleyale, na mwaka 2018, mradi mkubwa uliporudia tafiti 21 za majarida ya *Nature* na *Science*, utafiti wao ulikuwa kati ya zile zilizoshindwa kujirudia.

Lakini usilitupe jambo lote. Mwaka huohuo wa 2018 David Dodell-Feder na Diana Tamir walikusanya majaribio 14 pamoja na kukuta faida ipo, ila ni ndogo. Kuna pia kazi ya Raymond Mar na wenzake ya mwaka 2006: waliwapa watu orodha ya majina, ya waandishi wa kweli yakiwa yamechanganywa na ya uongo, ili kupima nani amesoma nini maishani. Waliowatambua waandishi wengi wa hadithi walielewa watu vizuri zaidi. Hapo nawe uliza: hadithi ndizo zilizowafunza, au wenye kuwajali watu ndio wanaopenda hadithi? Utafiti wa namna hiyo peke yake hauwezi kujibu.

Utafiti tunaoupa uzito zaidi ni wa Matthijs Bal na Martijn Veltkamp wa Uholanzi, 2013. Waliozama ndani ya hadithi hisia zao kwa wengine ziliongezeka baada ya wiki moja. Wale ambao hadithi haikuwashika zilipungua. Kwa maoni yetu hilo linaelekeza jinsi ya kusoma: kurasa 20 ulizozama ndani yake zinafaa kuliko 200 ulizosukuma huku simu ikilia kila dakika. Na kama kitabu hakikushiki baada ya sura mbili, kiweke chini uchukue kingine. Hakuna fadhila katika kukimaliza kwa kukunja uso.

Nina wanafunzi 45. Tulisoma kisa cha mvulana mwenye kigugumizi na nusu ya darasa likacheka kila alipozungumza. Niache kisa hicho? — Mwalimu wa darasa la tano

Usikiache, Mwalimu, ila kisomeni upya kwa njia nyingine. Huenda walicheka kwa sababu kigugumizi kilisomwa kwa sauti. Msomaji alipoigiza "n-n-n-naomba", darasa lilisikia sauti, halikusikia mtu. Siku inayofuata ziruke herufi zinazojirudia: soma sentensi yote kama mvulana alivyotaka kuisema, kwa sauti ya kawaida, kisha sema tu, "Alichukua muda mrefu kuimaliza."

Halafu wape karatasi, kila mmoja aandike mistari mitatu: neno alilotaka kulisema mvulana, alichokiona kwenye nyuso za wenzake akiwa katikati ya neno, na neno rahisi aliloamua kulisema badala yake. Mstari wa tatu ndio muhimu. Wenye kigugumizi wengi hubadilisha neno gumu kwa jepesi, na mtoto anayeandika mstari huo anagundua kwamba mvulana hujibu "sijui" huku jibu analijua. Dakika 10 zinatosha. Zisomwe chache bila majina.

Mambo mawili yanayoharibu zoezi hili. Moja, kumwomba mwanafunzi mwenye kigugumizi aeleze "ilivyo". Hakuja shuleni kuwa kielelezo. Mwambie faraghani, siku moja kabla, kwamba kisa hiki kitasomwa, na umwachie achague kukaa, kusoma au kunyamaza. Pili, haraka. Mary Budd Rowe alipopima madarasa katika miaka ya 1970 aliona walimu wakisubiri kama sekunde moja tu baada ya swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na wanafunzi wanyamavu wakaanza kusema. Swali la moyoni linahitaji subira kuliko la hesabu.

Lazima iwe kitabu? Nyumbani kwetu tunasikiliza redio zaidi. — Msikilizaji

Si lazima hata kidogo. Mfano mzito tulio nao ni wa redio. Nchini Rwanda, baada ya redio kutumika mwaka 1994 kuchochea mauaji ya kimbari, mchezo wa redio ulioitwa *Musekeweya* ulianza kurushwa mwaka 2004, ukisimulia jamii mbili zinazogombana na vijana wanaojaribu kuzipatanisha. Elizabeth Levy Paluck aliwafuatilia wasikilizaji kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Imani za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichoona kuwa kinatarajiwa miongoni mwa watu wao, na walichotenda. Mwisho wa utafiti kila kundi liliachiwa redio ya kaseti na kanda zake. Makundi mengine, yaliyosikilizishwa mchezo wa mambo ya afya ili kulinganisha, kwa kawaida yalimkabidhi kiongozi wa eneo azitunze. Yaliyosikiliza *Musekeweya* yalielekea zaidi kujadiliana na kuamua kuzitunza kwa pamoja.

Walisikiliza wakiwa kundi, na sisi tunaamini hilo lilichangia. Kwa hiyo sikilizeni pamoja, na kipindi kikiisha zimeni redio kwa dakika tano kabla ya kingine kuanza. Mtu mmoja aseme ni mhusika gani hakupata nafasi ya kusema. Hayo yanatosha.

Ila kumbuka pia fundisho la 1994: kisa kinaweza kumtoa mtu utu. Kinachowaita watu wadudu au wanyama, na ambamo hakuna hata mmoja wao mwenye jina, mama au kazi, kizimeni na muwaeleze watoto kwa nini mmekizima.

Nahudumia maktaba ndogo. Nitajuaje kama vitabu vyangu vinafungua macho au vinarudia yaleyale? — Mkutubi

Hesabu. Vuta vitabu 20 vya hadithi rafuni bila kuchagua, chora karatasi yenye safu nne: nani anasimulia, nani anatatua tatizo, nani anasaidiwa tu, nani anachekwa. Jaza kwa kila kitabu. Fanya kwa mchana mmoja. Ukiendelea kwa wiki utaanza kujitetea.

Safu ya tatu ndiyo inayofichua. Ukikuta wazee, walemavu, wakimbizi au maskini wamejaa humo, na katika safu ya pili hawamo kabisa, basi rafu yako inafundisha kuwaonea watu imani kutoka juu. Msomaji anatoka humo akijiona mwema, bila kudhani kwamba yule anayemhurumia ana akili, hasira na mzaha kama yeye. Usiviondoe vitabu hivyo. Tafuta vinne au vitano ambamo watu haohao wanakosea, wanatania, wanaokoa wengine, na uviweke usawa wa macho.

Rudine Sims Bishop, profesa wa fasihi ya watoto Marekani, aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu ni vioo, madirisha na milango: mtoto ajione, awaone wengine, aingie kwao. Kwa hiyo fanya hesabu ya pili: kwa kila mtoto anayekuja mara kwa mara, je, kuna walau kimoja cha kumwonyesha sura yake na kimoja cha kumwonyesha ya mwingine? Asiyejiona popote anakuja kuamini kwamba hadithi ni za wengine. Anayejiona kila mahali naye anapunjwa, ingawa hatalalamika.

Naandika barua za kuomba misaada kwa ajili ya watoto. Nianze na kisa cha mtoto mmoja au na takwimu? — Mwandishi wa shirika

Kisa, na usikifunike kwa takwimu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliwapa watu fursa ya kuchangia. Waliosoma habari za msichana mmoja wa miaka 7 kutoka Mali walitoa zaidi kuliko waliopewa takwimu za njaa. Waliopewa vyote viwili kwa pamoja walitoa kidogo, karibu sawa na wale wa takwimu. Tarakimu huamsha mahesabu, na mahesabu huupoza moyo. Ziweke takwimu kwenye ukurasa wake kwa anayetaka kuzikagua. Anayo haki hiyo.

Tunakusihi lakini: mtoto na mlezi wake wasomewe barua kabla haijatoka, wawe na uwezo wa kufuta sentensi yoyote, na barua iwe na angalau jambo moja ambalo mtoto anafanya vizuri. Akiikuta akiwa na miaka 20 asione aibu.

Nikisoma visa vya mateso silali. Naumia mpaka nashindwa kufanya chochote. Je, ndiyo huruma hiyo? — Msomaji wa usiku

Ni maumivu ya kuambukizwa, dada au kaka, na yanastahili kutunzwa, si kukaripiwa. Tania Singer na Olga Klimecki wameyatenganisha mambo haya mawili: kuumia pamoja na mtu hadi ukazama, na kumjali mtu ukitaka apate nafuu. La kwanza humfanya mtu akimbie, la pili humsogeza karibu. Kazi ya Daniel Batson na wenzake ya mwaka 1997 inaonyesha njia mojawapo ya kutoka la kwanza kwenda la pili. Waliofikiria "yeye anajisikiaje" walipata huruma. Waliofikiria "ingekuwa mimi ningejisikiaje" walipata huruma na dhiki yao wenyewe juu yake.

Kwa hiyo ukijikuta umejiweka ndani ya kisa wewe na watoto wako, funga kitabu kwa kidole, urudi kwa mhusika: jina lake nani, anahitaji nini katika ukurasa huu, nani yuko karibu naye? Visa vizito visome mchana, kimoja kwa siku, na visiwe vya mwisho kabla ya kulala. Kikikugusa, fanya tendo moja dogo ndani ya saa 24 kwa mtu aliye hai: ujumbe, ziara, mchango. Na kama usingizi umepotea zaidi ya wiki mbili hata ukiacha kusoma, mwone mhudumu wa afya. Hapo si kitabu tena.

Mwenzangu kazini anatumia kiti cha magurudumu. Nilisoma riwaya mbili kuhusu watu kama yeye, nikaanza kumsukuma kiti na kumsemea kwenye mikutano. Amenikasirikia. Sielewi. — Mwenye nia njema

Nia yako hatuitilii shaka. Lakini ulisoma kuhusu watu wawili waliobuniwa, ukamtendea wa tatu aliye hai kana kwamba umeshamsoma. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Riwaya inakuambia kwamba kunguni wapo, haikuambii wako wapi kwenye kitanda cha huyu. Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walifanya majaribio 25, wakayachapisha mwaka 2018: kujiweka akilini mwa mwenzako hakukuwasaidia watu kukisia sawasawa anachofikiri au kupenda. Kilichosaidia ni kumuuliza.

Anza na kuomba radhi kwa mambo mawili kwa majina yake, bila "lakini nilitaka kusaidia": "Nilisukuma kiti chako bila kukuuliza, na nilijibu kwa niaba yako. Nisamehe." Kiti hicho ni kama sehemu ya mwili wake, kukishika ni kumshika. Kisha nyamaza. Akiwa tayari kuzungumza, uliza kitu kimoja chenye jibu fupi: "Kuna wakati ungependa nisaidie, au niache mpaka uniite?" Akisema uache, acha, na usirudi wiki ijayo kuuliza tena.

Riwaya zako bado zina kazi. Zifungue upya na kalamu ya risasi, uandike pembeni maswali badala ya majibu: hapa alichoka kwa sababu ya ngazi au kwa sababu ya kutazamwa? Mwaka 2000 huko Denmark ilianzishwa maktaba ambayo unaazima mtu badala ya kitabu: mnakaa mkizungumza kwa muda mfupi, naye amekubali kuulizwa, na anaweza kukataa swali lolote. Mwenzako hajajiandikisha kwenye maktaba hiyo. Kwenye mkutano ujao, mtu akikuuliza wewe jambo linalomhusu yeye, geuza kiti chako umtazame yeye, na usubiri ajibu.